Kuchora kunafundishika: siku za mchoraji wa Pwani huko Mukurweini

Watu wa nyumbani Pwani huniuliza maswali mawili kila tunapokutana. La kwanza: huko Mukurweini, mbali na bahari, unapata wapi vitu vya kuchora? La pili: hicho kipaji ulizaliwa nacho, au ulikisomea? Nimeona niyajibu yote mawili hapa, kwa sababu majibu yake hayanihusu mimi peke yangu. Yanamhusu kila mzazi mwenye mtoto anayejaza michoro kwenye kurasa za nyuma za daftari la hesabu.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Kuchora ni kazi ya macho kabla ya kuwa kazi ya mkono, na macho hufunzwa. Wahenga wa kwetu walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha nzuri nayo imeundwa, na mwenye kuiunda alifunzwa na mtu au alijifunza kwa miaka. Tukishikilia kwamba ni kipaji tu, hatutawafundisha watoto, kisha tutashangaa kwamba wachoraji ni wachache.

Mimi ni mtu wa Likoni. Mume wangu ni mzaliwa wa Mukurweini, na huku ndiko tunakoishi tangu 2014. Mukurweini ni kaunti ndogo iliyo kusini mwa Kaunti ya Nyeri, mpakani na Murang'a. Jina lake limetokana na mti uitwao mũkũrwe kwa Kikuyu; ni kama kusema "penye mkurwe". Nchi yenyewe ni migongo ya vilima na mabonde, udongo mwekundu, mashamba ya kahawa, nyasi za nepia na ng'ombe wa maziwa karibu kila boma. Hakuna tambarare ya kutosha hata uwanja wa mpira bila kuchimba kilima kwanza.

Alfajiri ni ya mlima

Siku yangu huanza saa kumi na moja na nusu. Nikishakama ng'ombe, natoka na daftari la michoro na penseli mbili, nasimama kwenye ukingo wa shamba. Kukiwa hakuna ukungu, Mlima Kenya huonekana wote, pamoja na kilele chake cha juu kabisa, Batian, chenye urefu wa mita 5,199. Kufikia saa nne hivi, siku nyingi mawingu huwa yameshaufunika. Kwa hiyo nina muda wa saa tatu tu, na mlima haumngoji mtu.

Kwa nini niuchore mlima ule ule kila siku? Kwa sababu hauwi ule ule. Jua linapochomoza nyuma yake huwa ni kivuli cheusi kitupu. Nusu saa baadaye unaona mawe na theluji. Wakikuyu huuita Kĩrĩnyaga, na wazee hapa hueleza jina hilo kwa mbuni, ndege mwenye manyoya meusi na meupe. Kwa mchoraji hilo ni somo kamili: kabla ya kufikiria rangi, tafuta penye weusi na penye weupe. Ukikosea hapo, rangi haitakuokoa.

Somo la pili la alfajiri ni umbali. Migongo ya vilima iliyo karibu nami ni ya kijani kibichi, yenye migomba inayohesabika. Ya nyuma yake imefifia. Ya mbali zaidi ni ya buluu. Si kwamba vilima vya mbali vina miti ya buluu. Hewa iliyo kati yangu na vilima ndiyo inayotawanya mwanga wa buluu, na kadiri hewa inavyozidi ndivyo buluu inavyozidi na vivuli vinavyopungua makali. Ukiwa Mombasa siku ya jua, tazama upande wa vilima vya Shimba utaona jambo lilo hilo. Anayetaka kuonyesha umbali kwenye karatasi hana haja ya ujanja. Achore cha karibu kwa nguvu na cha mbali kwa wepesi.

Mwezi wa Julai ukungu hukaa hata wiki nzima na mlima hauonekani. Siku hizo nachora vilivyo jikoni: kikombe, sufuria iliyobonyea, mikono ya mama mkwe akimenya viazi.

Makaa, kahawa na udongo

Vifaa vya dukani ni ghali, na duka la karibu lenye karatasi nzuri haliko karibu. Ndiyo maana nyingi ya rangi zangu hutoka shambani, na wanafunzi wangu huzitengeneza wenyewe.

Mkaa wa kuchorea tunautengeneza kwa vijiti vya mibuni iliyopogolewa. Vijiti hubanduliwa maganda, hupangwa ndani ya kopo la bati, hufunikwa, na kifuniko hutobolewa tundu dogo la kupitisha moshi. Kopo huwekwa kwenye moto wa jiko. Moshi ukikoma kutoka, kopo huondolewa na kuachwa lipoe kabla ya kufunguliwa. Likifunguliwa lingali moto, hewa huingia na vijiti huwa majivu.

Kahawa iliyokolea hutoa rangi ya udongo iliyofifia au nzito, kutegemea maji. Tatizo lake ni jua: picha ya kahawa ikitundikwa dirishani hupauka, na mteja lazima aambiwe mapema.

Udongo mwekundu ndio niupendao zaidi. Tunaukausha, tunausaga, tunauchekecha kwa kitambaa mpaka uwe laini kama unga, kisha tunauchanganya na ute wa njano wa yai ili ushike kwenye karatasi. Wekundu huo ni wa madini ya chuma, kama kutu, na haupauki. Wasomaji wa Pwani wanaijua rangi hii kwa jina la ngeu. Maseremala wetu waliichovya kwenye uzi ili kupiga mstari ulionyooka juu ya mbao. Na mkitaka ushahidi wa jinsi makaa na ngeu zinavyodumu, nendeni Fort Jesus, Mombasa, mkatazame michoro ya meli na watu iliyochorwa ukutani na Wareno katika karne ya 17. Waliochora walikuwa watu wa zamu ngomeni wenye muda mrefu wa kungoja.

Kinacholeta chakula

Mlima na mikono ya mama mkwe haininunulii unga. Kazi zinazolipa ni nyingine, na sioni aibu kuzitaja: michoro ya ukutani kwenye shule za msingi na chekechea, mabango ya vibanda vya kinyozi na bucha, na picha za uso ambazo watu huagiza kwa harusi, kustaafu au matanga.

Ukuta wa shule huwa na ramani ya Kenya, herufi, wanyama na mfumo wa chakula tumboni. Kazi ni siku tatu au nne. Kwanza ukuta husuguliwa na kupakwa rangi ya kwanza nyeupe, la sivyo rangi hubanduka msimu wa mvua. Kisha napiga mistari ya miraba kwenye ukuta na kwenye mchoro mdogo nilioandaa, nahamisha mraba mmoja baada ya mwingine. Watu hudhani nakuza picha kwa jicho. La, nahesabu miraba.

Picha ya uso humalizika kwa siku mbili, na wengi huniletea picha ya simu. Ya matanga ndiyo ngumu, maana mara nyingi picha pekee ya marehemu ni ile ya kitambulisho. Hapo nakaa na familia, nawauliza alivyokuwa akicheka, alivyovaa kofia yake. Binti akisema "huyu sasa ndiye baba", najua nimemaliza.

Kuna shule moja iliyokaa na pesa zangu mihula miwili. Tangu hapo sianzi kazi bila arubuni ya nusu. Namweleza kila kijana anayetaka kazi hii: weka daftari la hesabu kando ya daftari la michoro. Kuna miezi napata vizuri na kuna miezi maziwa ya ng'ombe ndiyo yanayotulisha.

Jumamosi barazani

Jumamosi asubuhi watoto huja nyumbani, kati ya wanane na kumi na watano, kutegemea msimu. Wakati wa kuchuma kahawa, kuanzia Oktoba, idadi hushuka kwa sababu mikono yote inahitajika shambani. Tunakaa barazani, kila mtu na ubao wake wa kuegemezea karatasi.

Siku ya kwanza huwaambia wote kitu kimoja: choreni Mlima Kenya. Mlima wenyewe uko nyuma yao. Karibu wote huchora pembetatu yenye kofia nyeupe juu, na jua lenye miale pembeni, kama ulivyo mlima wa kwenye vitabu. Hawageuki hata kuutazama. Kisha nawaomba wageuke. Hapo huwa kuna kimya, halafu mmoja husema, "Mwalimu, kumbe juu umevunjika vunjika."

Huo ndio ugonjwa wa kila anayeanza, mkubwa kwa mdogo. Tunachora jina la kitu badala ya kitu. Mtoto wa Pwani huchora mnazi kama ufagio uliosimamishwa, na jahazi lenye mlingoti ulionyooka wima, ilhali mlingoti wa jahazi huinamia mbele na amewaona maelfu. Kazi ya mwalimu ni kulinyamazisha jina ili jicho lione.

Zipo njia nne ninazozitumia kwa hilo.

Ya kwanza ni kuigeuza picha juu chini na kuinakili ikiwa imegeuzwa. Uso uliopinduliwa hauna jina tena. Unabaki mistari, na mtoto huichora ilivyo.

Ya pili ni kuchora nafasi tupu. Badala ya kuchora kiti, chora mianya iliyo kati ya miguu yake. Ukimaliza mianya, kiti kimejichora.

Ya tatu ni kupima kwa penseli. Nyosha mkono mpaka kiwiko kinyooke, funga jicho moja, weka ncha ya penseli kwenye utosi wa mtu na kidole gumba kwenye kidevu chake. Sasa shusha kipimo hicho uhesabu: mtu mzima aliyesimama ana vichwa kama saba na nusu. Watoto hucheka, kwa sababu wote huwa wamechora vichwa vitatu au vinne.

Ya nne ni kutotumia raba. Mstari uliokosewa unaachwa, mwingine sahihi unapigwa kando yake. Raba humfundisha mtoto kuogopa, naye anayeogopa mstari hapigi mistari ya kutosha kujifunza.

Baada ya miezi mitatu ya kuja kila wiki, hakuna mtoto ambaye michoro yake haijabadilika. Wako wanaokwenda haraka na wako wa polepole. Lakini sijaona hata mmoja asiyesogea, na hili ndilo linalonifanya nikatae neno kipaji linapotumiwa kumfungia mtoto mlango.

Waliotutangulia

Kufundisha barazani si jambo dogo wala jipya. Katika miaka ya 1930, Margaret Trowell alianza kuwafundisha Waafrika kuchora kwenye baraza ya nyumba yake jijini Kampala. Masomo hayo yalihamia Chuo cha Makerere na kuwa shule ya sanaa ambayo hadi leo ina jina lake.

Mmoja wa waliosoma Makerere ni Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha kubwa tano kwenye kuta za kanisa la ukumbusho mjini Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Zinasimulia maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi msalabani, lakini watu ni Waafrika na nchi ni hii hii ya migongo na mabonde. Baadaye, mwaka 1965, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Jina ni la Kiswahili chetu: mnyama paa anapaa.

Murang'a ni jirani, na nimewapeleka wanafunzi huko. Sikuwaeleza mengi. Waliona wenyewe kwamba mtu aliyesoma chuo kikuu aliona vilima vyao vinatosha kuwekwa kwenye ukuta wa kanisa.

Mjini Nyeri nako kuna kaburi la Robert Baden-Powell, aliyeanzisha Skauti, aliyefariki Januari 1941. Skauti wengi hulizuru. Wachache wanajua kwamba alikuwa mchoraji maisha yake yote, na kwamba hapa Nyeri, akiwa amepita miaka 80, bado alichora wanyama na ndege wa Kenya na kuvitoa vitabu vya michoro hiyo. Mkono uliozoea kazi hautaki kupumzika.

Na wapo wetu wa leo. Sane Wadu, aliyezaliwa Kiambu, aliacha ualimu akawa mchoraji. Watu walisema amerukwa na akili, naye akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu kwa Kiingereza. Yeye na mkewe Eunice wamefundisha vijana wengi huko Naivasha.

Ilhamu haishuki, huokotwa

Sasa narudi kwa lile swali la kwanza: unapata wapi la kuchora? Wanaouliza hudhani ilhamu ni upepo unaomjia mtu ufukweni. Mimi huiokota kama kuni, kila siku kidogo kidogo, na sanasana ninapokuwa kazini tayari.

Naipata kwa mama mkwe anaposuka kiondo. Hana mchoro wowote mbele yake. Anahesabu nyuzi, na mistari ya rangi hukutana yenyewe upande wa pili. Nilipomtazama mara ya kwanza nilimkumbuka bibi yangu akisuka ukili wa mkeka, naye akihesabu kimya kimya. Wanawake wawili wasiojuana, mmoja wa katani na mmoja wa miaa, na hesabu ni moja. Nimeshachora picha nyingi kutokana na hilo peke yake.

Naipata kwenye kiwanda cha kahawa, buni nyekundu zikimwagwa, na baadaye kahawa ikianikwa kwenye vitanda virefu huku akina mama wakichambua mbovu. Naipata kwa vijana wa bodaboda wanaobeba madebe ya maziwa asubuhi, mwili wote umeegemea upande mmoja kwenye kona. Ukitoka na daftari kila siku, utarudi na kitu. Ukingoja ujisikie, utakaa nyumbani.

Gredi ya 10 na swali la baba

Mwaka huu wa 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia Gredi ya 10. Mikondo ni mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa pamoja na michezo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya sanaa kusukumwa pembeni kwa sababu ya mitihani, mtoto anaweza kuichagua wazi wazi.

Nina mwanafunzi mmoja aliyekuwa Gredi ya 9 mwaka jana, aliyeanza kuja barazani akiwa na miaka kumi. Alitaka mkondo wa sanaa. Baba yake alikuja, akakaa, akanywa chai, kisha akaniambia, "Mwalimu, mimi simkatazi. Lakini niambie ukweli, kuchora kutamlisha?"

Nilimletea daftari la hesabu. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, miezi mizuri na mibaya. Akauliza, "Na ng'ombe mnaye?" Nikamjibu, "Tunaye, mzee." Akacheka kidogo, akasema amenielewa.

Mwishowe msichana alichagua sayansi. Baba hakumlazimisha. Shule ya kutwa iliyo karibu nao haina mkondo wa sanaa, na ada ya bweni kwingine hawakuiweza. Liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu haki ya kuchagua isiyo na shule ya kuichagulia ni haki ya kwenye karatasi. Lakini hajaacha Jumamosi. Mwalimu wake wa bayolojia anamtumia achore ubaoni moyo na mapafu, kwa maana darasani yeye ndiye anayeona kitu kilivyo.

Hilo ndilo ningependa wazazi wa Pwani walichukue. Jicho lililofunzwa halipotei, awe mtoto atakuwa mchoraji, daktari, fundi wa mashua au mkulima. Na kwa kuwa si kila shule itakuwa na mwalimu wa sanaa hivi karibuni, msingoje shule. Mji wa Kale, Likoni, Malindi na Lamu mna wachoraji, mafundi wa nakshi za milango na wasusi wa mikeka. Wana mabaraza. Mwombeni mmoja awakalishe watoto saa mbili kila Jumamosi. Karatasi za manila, makaa ya kopo na udongo mlio nao. Mahali pa kuanzia ni rahisi: mwambieni mtoto achore mnazi ulio mbele yake, kisha mwambieni ainue macho autazame.